Sampuli za viungo kwenda Hamburg na New Jersey: kwa nini kifurushi cha kwanza kiliteketezwa, na cha pili kitumweje

Swali kwa ufupi: Sisi ni kikundi cha wanawake wa Muheza, Tanga. Tunakausha na kufungasha pilipili manga, mdalasini na iliki. Mnunuzi wa Hamburg aliomba sampuli, tukamtumia kilo moja ya kila kiungo, tukaongeza na chupa ya asali kama zawadi. Kwenye ankara tuliandika "spices samples", thamani sifuri, kwa kuwa hatukumuuzia. Kifurushi kilikaa forodha ya Ujerumani siku 19, kisha tukaambiwa kimeteketezwa. Mnunuzi yuko tayari tujaribu tena, na mwingine wa New Jersey ameomba nusu kilo ya pilipili manga. Tufanye nini safari hii?

Dada zangu, poleni. Kilo tatu za viungo vilivyochambuliwa kwa mkono pamoja na nauli ya ndege si hasara ndogo kwa kikundi. Katika yote mliyoeleza sioni kosa hata moja linalogusa ubora wa viungo vyenu. Makosa yako kwenye karatasi, na moja liko kwenye chupa.

Nianze na chupa. Asali kwa sheria za Ulaya ni zao la mnyama. Inaingia kibiashara ikitoka tu katika nchi iliyo kwenye orodha yao ya asali, ikiwa na cheti cha afya kilichosainiwa na mamlaka ya mifugo ya nchi inakotoka, na ipitie kituo cha ukaguzi cha mpakani. Msafiri, au mtu binafsi anayetumiwa kwa matumizi ya nyumbani, anaruhusiwa asali hadi kilo 2 bila cheti. Huenda mtu aliwaambia habari hiyo, na ni kweli, ila haiwahusu ninyi: kifurushi chenu kilikuwa cha biashara, kikienda kwa mfanyabiashara. Na kwa kuwa kifurushi kimoja kina tamko moja, chupa ikisimama, kila kilichomo kinasimama nayo. Pilipili yenu ilizuiwa kwa kosa la jirani yake.

Kwa hiyo kifurushi cha sampuli kibebe sampuli tu. Kanga, kikapu, pakiti ya korosho za kuonja, vyote ni vitu vizuri, lakini kila kimoja kina namba yake ya ushuru, kodi yake na masharti yake. Zawadi ya mnunuzi ngojeni mkutane naye uso kwa uso.

Kuna neno moja pia linalofanya kazi kama ile chupa: "organic". Mkiliandika kwenye pakiti au kwenye ankara, mnakuwa mmetamka kwamba bidhaa ni ya kilimo hai, na bidhaa ya kilimo hai inayoingia Ulaya hudaiwa cheti chake cha ukaguzi kinachotolewa kwenye TRACES, mfumo wa Ulaya wa vyeti wa mtandaoni. Hata kama mashamba yenu hayajawahi kuona tone la dawa, bila cheti hicho neno hilo lisionekane popote, si kwenye lebo, si kwenye ankara, wala kwenye kadi ya salamu mtakayotumbukiza ndani.

Ankara

Tangu 15 Machi 2021 vifurushi vya haraka na vya posta vinavyokwenda Umoja wa Ulaya hutanguliwa na taarifa zake kwenye mfumo wa usalama uitwao ICS2. Taarifa zinafika kabla ndege haijapakia. Mfumo unataka namba ya HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha bidhaa forodhani, ya tarakimu 6, na maelezo ya bidhaa yanayomwezesha mtu ambaye hajaona boksi kujua kilichomo. Maneno ya jumla kama "samples", "gift" au "foodstuff" hayamwambii kitu. "Spices samples" haikusema ni kiungo gani, kizima au cha kusagwa, kibichi au kikavu. Kizima na cha kusagwa kwa forodha ni bidhaa mbili tofauti.

Namba zenu ni hizi. Pilipili manga nzima ni 0904.11, iliyosagwa au kupondwa 0904.12. Mdalasini ule mwembamba wa Ceylon, ukiwa mzima, ni 0906.11, mdalasini mzima wa aina nyingine ni 0906.19, wowote uliosagwa ni 0906.20. Iliki nzima ni 0908.31 na ya kusagwa 0908.32. Siku mkiongeza karafuu, nzima ni 0907.10. Hakikisheni mnajua mdalasini wenu ni upi kabla ya kuandika. Ule wa Ceylon gome lake ni jembamba, linajikunja tabaka nyingi kama sigara na linavunjika kwa vidole. Ule mwingine gome ni nene, gumu, na hujikunja mara moja tu. Mnunuzi wa Ulaya analiangalia hilo sana kwa sababu mdalasini mnene una kumarini nyingi, kemikali ya asili ya gome hilo, na kumarini ina kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika baadhi ya vyakula kama mikate na biskuti.

Ankara iandikwe kwa Kiingereza, na kila kiungo kipewe mstari wake. Mstari wa pilipili manga usomeke hivi: "Black pepper, whole, dried, not crushed or ground. HS 0904.11. Origin Tanzania. Lot PM-03. 4 pouches x 250 g. Net weight 1 kg. USD 6.00 per kg. Total USD 6.00." Hiyo dola 6 ni mfano wangu tu; wekeni bei yenu ya jumla ya kweli. Chini ya mistari yote andikeni: "Commercial samples for evaluation, not for resale. No payment due. Value declared for customs purposes only." Kisha jumla ya thamani, uzito wa viungo peke yake na uzito wa boksi zima, jina na anwani kamili ya kikundi pamoja na TIN, jina la kampuni inayopokea, jina la mtu ndani ya kampuni, simu yake ya mezani na ya mkononi, na barua pepe. Tarehe, saini, muhuri. Nakala tatu ziingie kwenye mfuko wa plastiki unaobandikwa nje ya boksi na moja iwe ndani, juu kabisa.

Simu ya mpokeaji inadharauliwa mno. Afisa au mtu wa kampuni ya vifurushi akiwa na swali la dakika mbili, anapiga namba iliyo kwenye karatasi. Namba ikikosa mtu, kifurushi kinarudi rafu, na hapo ndipo siku 19 zinapotoka.

Thamani sifuri

Najua mliandika sifuri kwa nia njema. Kwenu sifuri ilimaanisha "hatukulipwa". Forodha haiulizi umelipwa nini. Inauliza kitu hicho kina thamani gani. Kwa kanuni za uthamini za Shirika la Biashara Duniani, bidhaa iliyotolewa bure hupimwa kwa bei ya bidhaa inayofanana nayo. Ukiandika sifuri, ama mfumo unakataa tamko, ama afisa anaweka bei yake, na bei yake huwa ya duka la Hamburg, si ya Muheza. Kushusha bei kwa makusudi nako kuna madhara: kifurushi kikipotea, fidia hulipwa kwa thamani mliyoandika.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ulaya hukokotoa kodi juu ya bidhaa pamoja na nauli. Tuseme viungo ni yuro 15 na nauli ya ndege yuro 85. Msingi wa kodi unakuwa yuro 100. Ujerumani hutoza viungo VAT ya 7%, si 19% ya bidhaa nyingine, kwa hiyo ni yuro 7. Juu yake kampuni ya vifurushi huongeza ada ya kumlipia mpokeaji kodi, na ada hiyo mara nyingi huzidi kodi yenyewe. Mnunuzi anapigiwa hodi na dereva mwenye bili ambayo hakuitarajia, kwa ajili ya sampuli aliyoambiwa ni ya bure. Mwandikieni mapema kwamba gharama hiyo inaweza kuwepo.

Kuhusu ushuru wenyewe msiwe na wasiwasi. Pilipili manga nzima, mdalasini na iliki havina ushuru wa kuingia Ulaya hata kwa nchi zisizo na upendeleo. Pilipili iliyosagwa ina 4% na karafuu 8% kwa nchi hizo, lakini bidhaa ya Tanzania inaingia kwa sifuri chini ya mpango wa Ulaya wa kila kitu isipokuwa silaha, mradi asili yake ithibitishwe. Kwa mzigo usiozidi yuro 6,000 uthibitisho huo ni tamko la asili ambalo mtumaji yeyote huliandika kwenye ankara. Msitumie siku mbili na nauli ya basi kufuata cheti cha asili cha TCCIA, chemba ya biashara, kwa ajili ya sampuli ya pilipili nzima; kiacheni kwa ajili ya kontena.

Nani anatoa kifurushi forodhani

Ninyi hamna uwezo wa kukitoa mkiwa Muheza. Anayetoa ni mnunuzi, au kampuni ya vifurushi kwa idhini yake. Kampuni inayoingiza bidhaa Ulaya inatambuliwa forodhani kwa namba ya EORI. Muombeni mnunuzi namba hiyo na muiandike kwenye ankara chini ya jina lake. Kama boksi lilikwenda kwa jina la mtu pekee, bila kampuni, afisa aliona mtu binafsi anapokea kilo tatu za viungo na asali, akauliza ni biashara au ni mlo. Hakuna karatasi iliyomjibu.

Kampuni ya vifurushi itawauliza mnatuma kwa DAP au DDP. DAP maana yake mnalipa nauli hadi mlangoni, kodi na ada za kule analipa mpokeaji. DDP maana yake mnalipa vyote, na bili ya kodi ya Ujerumani inarudi kwenu pamoja na ada, wiki kadhaa baadaye, kwa kiasi ambacho hamkukijua mlipotuma. Kwa kikundi kama chenu chagueni DAP. Na kabla ya hapo mwulizeni mnunuzi kama ana namba ya akaunti kwenye kampuni ya vifurushi. Waagizaji wengi wanayo, na sampuli husafiri kwa gharama yao. Kuuliza si kuomba msaada. Ni desturi ya biashara hii, na mnunuzi anayekataa kabisa kuchangia nauli ya sampuli aliyoiomba mwenyewe nisingemtumia zaidi ya gramu 250.

Sheria ya Ulaya inayotoa misamaha ya ushuru, namba 1186 ya mwaka 2009, ina milango miwili inayowafaa, na ni vizuri mnunuzi aseme anapitia upi. Wa kwanza ni wa sampuli za thamani ndogo zinazofaa kwa kazi moja tu, kuvutia oda ya bidhaa ya aina hiyo. Forodha inaweza kudai sampuli ifanywe isiuzike: kitambaa kinachanwa, kiatu kinatobolewa, na chakula kinaandikwa alama isiyofutika. Ndiyo maana kila pakiti, si boksi pekee, iandikwe kwa wino wa kudumu "SAMPLE – NOT FOR SALE", kubwa, upande wa mbele. Na ndiyo maana pakiti kumi zilizopambwa kwa lebo ya rafuni, zenye mstari wa bei, zinamtia afisa mashaka: hizo zinauzika. Mlango wa pili ni wa bidhaa zinazoletwa kwa uchunguzi au upimaji, kwa kiasi kinachohitajika tu, na ziishie kwenye upimaji. Kama sehemu ya boksi inakwenda maabara, fungeni pakiti zake peke yake na kuziandikia mstari wake kwenye ankara.

Misamaha hii haitolewi yenyewe. Lazima iombwe kwenye tamko, na anayejaza tamko ni karani wa kampuni ya vifurushi anayepitia mamia ya vifurushi kwa zamu moja. Akiona maneno yako wazi kwenye ankara, anaomba. Asipoyaona, anapitisha kama bidhaa ya kawaida.

Sampuli yenyewe

Kilo moja ya kila kiungo ilikuwa nyingi kuliko alivyohitaji mnunuzi kwa hatua ya kwanza, isipokuwa kama alitaka vipimo kamili. Kwa kuangalia, kunusa na kuonja, gramu 250 hadi 500 zinatosha. Kwa maabara, mwulizeni anapima nini. Sumukuvu, mabaki ya dawa na vimelea kwa pamoja vinaweza kula kilo nzima. Akisema sumukuvu kwenye pilipili manga, jueni Ulaya inakubali mikrogramu 5 kwa kilo za aina ya B1, na 10 kwa aina zote kwa jumla. Salmonela isionekane kabisa ndani ya gramu 25. Pilipili iliyoanikwa chini, mahali kuku na mijusi wanapita, itaanguka hapo hata kama rangi na harufu ni nzuri mno. Chanja iliyoinuliwa kiunoni na wavu juu yake ni rahisi kuliko kifurushi cha tatu.

Sampuli ichotwe kutoka kwenye mzigo mlionao stoo, usiuchague uzuri wake. Kanuni inayotumika sana: magunia 1 hadi 4, choteni kwenye yote, 5 hadi 49, choteni kwenye matano, 50 hadi 100, kwenye moja kati ya kila kumi, zaidi ya hapo, kipeuo cha pili cha idadi. Tumieni bambo safi, mchome juu, katikati na chini ya gunia. Mimineni kila mlichochota juu ya turubai jipya, changanyeni kwa kikombe, tandazeni duara, gaweni mafungu manne kwa ubao. Ondoeni mafungu mawili yanayotazamana, changanyeni yaliyobaki, gaweni tena, hadi mfikie kiasi mnachotaka. Mdalasini hauchomwi bambo. Chukueni vijiti kutoka kila mtumba, vya juu na vya katikati.

Najua kishawishi cha kuchambua punje nono tu kwa ajili ya mgeni. Mnunuzi atanunua kwa kulinganisha na kile kilichomfikia. Gramu 500 zenu zikiwa bora kuliko magunia yenu 12, mmeandika mkataba ambao hamna bidhaa ya kuutimiza, na ugomvi utatokea kontena likiwa limeshafika Hamburg, kwa gharama ya bandari ya kule.

Pimeni unyevu kabla ya kufunga. Pilipili manga isizidi 12%. Kwenye mfuko usiopitisha hewa unyevu uliozidi hauna pa kutokea. Kifurushi kinapita kwenye baridi ya ndege, kisha joto la ghala, maji yanatona ndani ya mfuko, na mnunuzi anafungua ukungu. Msipime mara tu baada ya kuanua. Acheni punje zipoe kivulini saa chache, kwa kuwa punje yenye moto hudanganya kipimo.

Tumieni pakiti za karatasi ya alumini zenye utando wa plastiki ndani, mzibe kwa mashine ya joto, na kila kiungo kiwe na pakiti zake mbili, moja ndani ya nyingine. Hili la pili si anasa. Iliki hupenya mfuko mwembamba wa plastiki, na pilipili manga iliyosafiri nayo siku sita itamfikia mnunuzi ikinukia chai ya maziwa. Atadhani mmeihifadhi stoo moja na iliki, na atakuwa sahihi kuwa na shaka.

Kila lebo iwe na jina la kiungo kwa Kiingereza na jina la kisayansi, namba ya loti, mwezi na mwaka wa mavuno, tarehe ya kufungasha, uzito halisi, "Product of Tanzania", jina la kikundi. Namba ya loti kwenye lebo, kwenye ankara na kwenye daftari la stoo iwe ileile, herufi kwa herufi. Kisha, kutoka kwenye fungu lilelile mlilochota, fungeni pakiti nyingine ya uzito huohuo, iandikeni tarehe na jina la mnunuzi, mwiweke mahali pakavu na penye giza. Hiyo ni sampuli ya kumbukumbu. Mnunuzi akiandika miezi minne baadaye kwamba mzigo haufanani na sampuli, bila pakiti hiyo hamna la kumwonyesha.

Boksi liwe la tabaka mbili na lisibaki na nafasi tupu. Kampuni za vifurushi hutoza kwa uzito mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 linahesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna kilo mbili na nusu. Anayewapandishia ni mdalasini. Mwulizeni mnunuzi kama vijiti vya sentimita 8 vinamtosha. Akikubali, boksi la 25 kwa 20 kwa 20 lina kilo 2 tu kwa ukubwa, na mtalipia kilo mbili na nusu za mizani badala ya 6.

Kutoka kwetu

Ulaya haidai cheti cha afya ya mimea kwa viungo vikavu kama vyenu. Inakidai kwa mbegu za kupanda na kwa matunda mabichi karibu yote, isipokuwa nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende, kwa hiyo msije mkatumbukiza machungwa ya Muheza. Pamoja na hayo, piteni kwa mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kwenda kwa msafirishaji, kwa sababu mazao ya mimea yanayotoka nchini yako chini ya mamlaka hiyo na mapokezi ya vifurushi huweza kukataa boksi la mazao lisilo na karatasi yake. Mkipewa cheti, majina na uzito vilingane na ankara. Cheti chenye kilo 3 na ankara yenye kilo 2.5 ni kibaya kuliko kutokuwa na cheti.

EMS ya Posta ni nafuu, na kwa pakiti moja ya gramu 250 inafaa. Ila Ujerumani, kifurushi cha posta chenye karatasi pungufu hupelekwa ofisi ya forodha ya karibu na mpokeaji aitwe aende mwenyewe. Kwa mnunuzi ambaye kifurushi chake kilishateketezwa mara moja, lipieni kampuni ya vifurushi vya haraka. Msifunge boksi kwa gundi nyumbani. Wakaguzi watataka kuona ndani. Nendeni na utepe wenu.

New Jersey

Marekani ina mambo mawili. La kwanza ni kwamba msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 ulisitishwa kwa nchi zote tangu 29 Agosti 2025. Ushauri wa zamani kwamba "chini ya dola mia nane hakuna forodha" msiufuate tena. Viwango vya ushuru vya huko vimekuwa vikibadilika, hivyo mnunuzi aulize msafirishaji wake wiki ileile mnayotuma, na akubali kwa maandishi kulipa. Afadhali, Marekani haijumlishi nauli ya kimataifa kwenye thamani ya kutozwa ushuru, tofauti na Ulaya.

La pili ni FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Chakula chochote kinachoingia, hata sampuli ya gramu 100, kinahitaji taarifa ya awali. Msamaha uliopo ni wa chakula anachobeba msafiri kwa matumizi yake na cha kupikwa nyumbani na mtu binafsi kama zawadi, ninyi hamumo. Taarifa hujazwa kwenye mtandao wa FDA bila malipo, si zaidi ya siku 15 kabla ya kufika na si chini ya saa 4 kabla ndege haijatua. Ikienda kwa posta, ijazwe kabla ya kutuma. Anaweza kuijaza mnunuzi, msafirishaji au ninyi. Mkimaliza mnapata namba ya uthibitisho. Iandikeni kwenye ankara na kwenye hati ya usafirishaji. Kila bidhaa ina taarifa yake, kwa hiyo kwa pilipili manga peke yake ni moja.

Fomu itauliza namba ya usajili wa mahali pilipili ilipofungwa. Shamba tupu halidaiwi, ila kikundi kinachopokea mazao ya watu wengi, kukausha na kufungasha, ni salama kijisajili. FDA haitozi usajili na haitoi cheti chochote; anayewauzia "cheti cha FDA" chenye muhuri wa dhahabu anauza karatasi. Mtakachohitaji ni wakala anayeishi Marekani, na mnunuzi wenu anaweza kukubali kuwa huyo. Usajili huhuishwa kati ya Oktoba na Desemba kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Usipohuishwa unakufa, na taarifa ya awali yenye namba iliyokufa ni sawa na isiyokuwepo.

Tumeni Hamburg kwanza, New Jersey baada ya usajili kukamilika. Siku mbili kabla ya kukabidhi boksi, mpelekeeni mnunuzi kwa barua pepe ankara, picha ya kila lebo, na picha ya boksi likiwa wazi. Siku ya kukabidhi mpelekeeni namba ya kufuatilia. Boksi likikaa mahali pamoja zaidi ya siku mbili za kazi, msisubiri: mnunuzi apige simu kule, ninyi mpige hapa, na swali liwe moja, "ni karatasi gani inakosekana?" Jibu likija, itumeni siku hiyohiyo ikiwa na namba ya kifurushi kwenye kichwa cha barua, maana kampuni za vifurushi huweka muda wa kusubiri, na ukiisha wao ndio huchagua kati ya kurudisha na kuteketeza. Mkiulizwa mnataka kipi endapo kitakataliwa, jibuni kwa maandishi kabla ya kutuma. Kwa nusu kilo ya pilipili, nauli ya kurudi inazidi bei ya pilipili yenyewe.